Jumatano ya Wageni

Siku ile tulikuwepo mimi, kiongozi wa msafara. Mzee Nandonde, aliyenifundisha kazi, akitembea nyuma kuhakikisha hakuna mgeni anayeachwa. Wageni watatu kutoka Uholanzi, yaani Bwana Pieter, mkewe Bi Anneke, na kijana wao ambaye alilazimishwa kuja na alihakikisha wote tunalijua hilo. Bi Mwanahawa, mgonga kokoto. Somoe, mtoto wa marehemu kaka yake, aliyekuwa darasa la saba. Watoto wengine wa pale machimboni. Na Mwalimu Kemilembe, ambaye hakualikwa na mtu lakini alikuwa amelipa.

Nawataja mapema ili baadaye msiniulize nani alisema nini.

Nyie mnaoanza kazi hii mnaniita bibi, nami naitika, ingawa kilichonistaafisha ni goti la kushoto wala si umri. Kazi yenyewe mnaijua. Mgeni anakuja nchini, anaona tembo, anaona bahari, halafu anasema sasa anataka kuona watu wanavyoishi. Tunampeleka. Tofauti niliyoiona mapema ni kwamba tembo wana askari wa kuwalinda.

Sikuisomea kazi hii. Nilizaliwa kulekule nyuma ya Kunduchi, kwenye machimbo ya kokoto, kwa wazazi waliotoka Newala kutafuta maisha. Niliacha shule darasa la sita, kwa sababu baba alimfuata mama kaburini kabla mwaka haujaisha, na wadogo zangu watatu walitaka kula bila kujali kwamba mimi nilikuwa napata alama nzuri za hisabati. Nikakaa chini nikagonga mawe. Wadogo zangu wakaniita Da Mkubwa, mtaa mzima ukafuata, na leo hata serikali ya mtaa inaniandika hivyo.

Miaka mingi baadaye Braza Deo alifungua ofisi ya kutembeza wageni, chumba kimoja Mwananyamala chenye feni na ramani. Akatafuta mtu anayeyajua machimbo na asiyeogopa Wazungu. La kwanza nililiweza. La pili alinifundisha Mzee Nandonde.

Mzee Nandonde alikuwa mchonga vinyago. Kiingereza alikipata kwa kubishana bei na watalii, kwa hiyo kilikuwa Kiingereza kisichokubali kushuka. Alinifundisha mambo ambayo hamtayakuta kwenye semina. Mgeni akilia, mpe maji. Usimpe maelezo, atalia zaidi. Mgeni akitaka kupiga picha, mwambie amwombe mwenye sura yake. Mgeni asiingie kwa mtu kabla hajasalimia. Hilo la salamu lina hatari zake. Bwana mmoja alifundishwa shikamoo asubuhi, akaipenda, akamwamkia mtoto wa miaka mitano. Mtoto akamtazama kuanzia viatu hadi kofia, akasema, "Marahaba, hujambo?" Siku nzima yule mtoto alimtuma maji.

Msiwaruhusu wageni kuleta kalamu. Mtaa wetu ulifika mahali ukawa na kalamu kila kona, na karatasi hakuna. Watoto walizitumia kupulizia mapovu ya sabuni.

Na kila ziara, mkae mkijua, kuna mgeni mmoja atauliza kama watu wa hapa wana furaha. Mara ya kwanza niliulizwa, nikamgeukia Bi Mwanahawa aliyekuwa anagonga mawe. "Anauliza kama una furaha."

"Leo?"

"Nadhani kwa jumla."

Bi Mwanahawa akafikiria kidogo. "Mwambie kwa jumla sijui, ila leo hapana, mgongo unaniuma. Na yeye je?"

Nikatafsiri. Yule mgeni akafunga daftari lake. Mzee Nandonde akanipongeza, kwa sababu nilitafsiri hata lile swali la mwisho. Ndiyo ilikuwa sheria yake kubwa: tafsiri yote. Usichague. Ukiona neno litaleta shida, litafsiri taratibu, lakini litafsiri.

Sasa turudi kwenye siku ile.

Ziara zetu zilikuwa Jumatano na Jumamosi. Ofisi ilizitangaza kama ziara za kujifunza kuhusu umaskini wa mjini na ajira ya watoto, na tulikuwa wakweli: ajira ya watoto ilikuwepo, ukifika tu unaiona. Pale machimboni watoto walikaa kwenye magunia, kila mmoja na nyundo yake na kile kiduara cha mpira wa tairi chenye mpini, unachozungushia jiwe ili vipande visikurukie machoni. Mimi nilieleza jinsi mawe yanavyovunjwa, yanavyopimwa kwa ndoo, na yanavyobebwa na malori kwenda kujenga nyumba ambazo waliogonga hawataziona. Wageni walisikitika, wakatoa chochote, tukaenda kula pilau.

Mwalimu Kemilembe alifika ofisini asubuhi ile amevaa viatu vya kazi na kofia ya jua. Alikuwa mwalimu wa hisabati wa darasa la saba katika shule iliyo karibu na machimbo. Akasema ameomba ruhusa ya siku moja shuleni, na anataka ziara.

Braza Deo akacheka. "Mwalimu, si unaishi hukohuko?"

"Ndiyo. Sijawahi kuelezwa."

Ofisi haikuwa na bei ya Mtanzania kwa sababu hakuna Mtanzania aliyewahi kuomba. Braza Deo ikabidi aitunge palepale, na Mwalimu akaomba ipunguzwe, ikapunguzwa. Alitufuata njia nzima. Kwenye kioski cha maji alisikiliza. Kwenye mtaro alisikiliza. Kijana wa Kiholanzi alimuuliza kwa Kiingereza kama na yeye ni mtalii. Akamjibu, "Leo, ndiyo."

Tukafika machimboni. Nikafungua mdomo kuanza kueleza, na kabla sijatoa sauti nyundo zote zikanyamaza. Somoe ndiye alimwona wa kwanza. Akasimama, nyundo mkononi, na wengine wote wakasimama, wakaamkia kwa sauti moja ndefu ya darasani:

"Shikamoo, Mwalimuuu!"

Wageni wakapiga makofi. Walidhani ni burudani ya kuwakaribisha, na kusema kweli ilipangika vizuri.

"Marahaba," Mwalimu akasema. "Kaeni."

Wakakaa juu ya kokoto, wamekunja mikono kifuani.

"Leo siku gani?"

"Jumatanooo!"

"Saa hizi tungekuwa na somo gani?"

"Hisabatiii!"

Bi Anneke akanishika mkono, akaniuliza wanaimba nini. Nikamwambia ratiba.

Mwalimu akamtazama Somoe. "Jana ulikuwepo shule. Kesho utakuwepo?"

"Nitakuwepo, Mwalimu."

"Juma lililopita, Jumatano?"

"Sikuwepo, Mwalimu."

"Kwa nini Jumatano tu?"

Somoe akamtazama shangazi yake, akanitazama mimi, akawatazama wageni. Hakuona sababu ya kuficha. "Jumatano wageni wanakuja, Mwalimu. Wanakujaga kutuona."

Mkono wa Bi Anneke ulikuwa bado kwenye wangu. Akauliza mtoto amesema nini.

Mzee Nandonde alikuwa nyuma yao. Nikamtazama nikitegemea ishara yoyote. Akanipa uso wa mtu anayesubiri sentensi.

Nikatafsiri. "Anasema Jumatano hawaendi shule kwa sababu nyinyi mnakuja kuwaona."

Bwana Pieter akauliza kama nimetafsiri sawasawa. Nikamwambia Kiingereza changu nilikiokota njiani, lakini hapo sikuona pa kukosea. Bi Anneke akakaa kwenye gunia tupu. Kijana wao akaweka simu mfukoni kwa mara ya kwanza toka asubuhi. Nikawapa maji.

Bi Mwanahawa hakuyapenda macho ya Mwalimu. "Mwalimu, usinitazame hivyo. Mie nikikaa hapa peke yangu, wanaona jimama linagonga mawe, wanapita. Akikaa mtoto wanasimama. Hiyo siku moja inanipa kuliko ninavyogonga juma zima."

"Mtihani wa mwisho umekaribia, Bi Mwanahawa. Na Jumatano nafundisha hisabati mpya. Kila juma anakosa kitu ambacho hakirudi."

"Najua. Na kuna watu Kawe wanataka binti wa kazi za ndani. Wamekuja mara mbili. Jumatano zikikatika, huyu hafiki kwenye huo mtihani, anakwenda Kawe. Sijasema napenda. Nasema ndivyo itakavyokuwa."

Somoe alikuwa anachora kwenye vumbi kwa mpini wa nyundo. Akainua uso. "Da Mkubwa, na hilo utatafsiri?"

Nikatafsiri na hilo.

Wageni wakatoa pochi palepale, kama mnavyojua. Mwalimu akawaambia kwa Kiingereza kilichonyooka wazirudishe, kwa sababu wakitoa leo Jumatano ijayo watoto watakuwa wengi zaidi. Bi Mwanahawa hakufurahi, na alimwambia Mwalimu kwamba yeye mshahara wake unaingia hata siku ya mvua. Mwalimu akakubali kwamba unaingia. Hawakugombana zaidi ya hapo. Jua lilikuwa kali.

Tukaenda kula pilau, kwa sababu ilikuwa imeshapikwa. Mwalimu naye akala; alikuwa amelipia. Akakaa karibu yangu.

"Wewe si ndiye uliyeishia la sita pale shuleni? Mwalimu mkuu wa zamani alikutajataja."

"Ndiye."

"Basi tupange. Mie nitamshika Somoe jioni, nimrudishie yote ya Jumatano yaliyompita. Sitaki shilingi. Wewe hakikisha haendi Kawe."

"Hiyo ni kazi kubwa kuliko yako, Mwalimu."

"Ndiyo maana nimekupa wewe. Na kingine. Leo nimekutembelea kazini kwako. Kwetu Bukoba mtu akikutembelea unarudisha."

"Hata kwetu kusini."

"Vizuri. Utakuja darasani kwangu. Darasa la saba, Jumatano, saa ya hisabati. Ukae, usikilize, kama mie nilivyokaa leo. Nitakuwekea kiti."

Nikasema nitakuja. Ni jambo la adabu. Huwezi kukataa kurudisha matembezi huku unakula pilau na mtu.

Kesho yake nilikwenda ofisini. Nilimwambia Braza Deo kwamba watoto wanatoka kwenye ziara, na Bi Mwanahawa anaingia, na atalipwa na ofisi kama ninavyolipwa mimi.

Braza Deo aliizima feni ili anisikie vizuri. "Sista, watu wamenunua ziara ya ajira ya watoto. Watoto wakiwa shule, mie nitawaonyesha nini? Ajira bila watoto?"

"Utawaonyesha mimi."

"Wewe si mtoto."

"Nilikuwa. Hakuna mgeni aliyewahi kuja wakati ule."

"Watataka hela yao."

"Wakitaka, nitoe mimi kazini, mwite mwingine. Kuna Mzee Nandonde."

Mzee Nandonde, aliyekuwa kwenye benchi akisoma gazeti la juzi, akasema bila kuinua kichwa kwamba yeye Jumamosi ataumwa, na Jumatano vilevile ataumwa. Braza Deo akaiwasha feni tena. Alikuwa na hasira, lakini hakuwa na kiongozi wa tatu. Tukakubaliana kujaribu.

Jumatano iliyofuata walikuja wageni sita. Nikawafikisha machimboni. Bi Mwanahawa alikuwa amekaa, kajifunga kanga mpya, na pembeni yake gunia tupu na nyundo yangu ya zamani. Mgeni mmoja, bwana mwenye ndevu nyekundu, akaangaza huku na huko, akauliza watoto wako wapi. Tangazo lilisema watoto.

Nikakaa kwenye lile gunia. Goti liligoma kidogo. Nikachukua kiduara cha mpira, nikazungushia jiwe, nikagonga.

"Watoto wako shule," nikamwambia. "Uliyemfuata ni huyu anayekujibu. Amechelewa tu kuonyeshwa."

Nikawaeleza huku nagonga. Nilivyoanza na mawe madogo kwa sababu mikono ilikuwa midogo. Mdogo wangu wa mwisho alivyolala ndani ya karai kivulini. Kengele ya shule ilivyosikika hadi pale, na nilivyojua kila kengele ni ya somo gani, nikawa nagonga kwa ratiba: sasa Kiswahili, sasa mapumziko. Sikuongeza chumvi. Ukiongeza chumvi kwenye habari kama hiyo mgeni anakuhurumia wewe, na yeye amekuja kuelewa jambo.

Halafu Bi Mwanahawa akaingia kazini. Aliwapa wageni nyundo, kila mmoja jiwe lake, akawaambia wajaze ndoo moja kwa pamoja. Bwana mwenye ndevu akagonga.

"Baba, unaligonga hilo jiwe au unalibembeleza?" Bi Mwanahawa akamwambia. "Likilala usingizi utalibeba wewe."

Nikatafsiri yote.

Hawakuijaza ile ndoo. Mikono iliwatoka malengelenge, na walicheka, kisha hawakucheka. Wakati wa kuondoka, yule bwana alimuuliza Bi Mwanahawa ndoo moja inauzwa bei gani. Alipojibiwa, akaitazama ndoo, akaitazama mikono yake, akashukuru kwa Kiswahili. Hakuna aliyedai hela yake. Braza Deo alishangaa, halafu akabadilisha tangazo, halafu akawa anasema lilikuwa wazo lake. Mwacheni.

Kuna sharti moja tuliliweka na Bi Mwanahawa: mtoto yeyote akionekana machimboni saa za shule siku ya ziara, hakuna ziara siku hiyo, na hakuna malipo. Sikuhitaji kulisimamia. Tangu hapo Bi Mwanahawa aliwafukuza watoto kila Jumatano kama kuku walioingia kwenye mchele. Nilisikia sauti yake toka mbali: "Nyie! Shule! Mnataka kuniharibia kazi?" Watu wa Kawe walikuja mara ya tatu. Akawaambia binti yupo kwenye hisabati, na yeye mwenyewe hana nafasi, ana wageni.

Msidhani kila kitu kilinyooka. Watoto wawili walihamia kuokota vyuma chakavu, ambako hakuna Mzungu wala Jumatano. Wengine wanagonga hadi leo Jumamosi na sikukuu. Sharti letu lilizuia kile tulichokuwa tunakisababisha wenyewe, basi. Mkianza njia mpya ya ziara, muanzie hapo: ulizeni mtaa huu unabadilika vipi siku mnayokuja. Msimuulize mtu wa ofisini. Muulizeni mwalimu anayebaki na madawati matupu.

Somoe alifanya mtihani. Jioni nyingi kabla ya hapo nilimwona akitoka kwa Mwalimu Kemilembe, daftari kwapani, akitembea polepole kama mtu aliyebeba maji kichwani. Alifaulu. Yuko sekondari, kidato cha tatu, na Bi Mwanahawa anamsimulia kwa wageni wote wanaofika, wakiomba na wasipoomba.

Mwalimu kwa hiyo alimaliza upande wake wote. Mimi nilimaliza nusu.

Ile ziara ya kurudisha sijaifanya. Mwanzoni nilikuwa na kazi: Jumatano ni siku ya wageni, na Mwalimu alilijua hilo wakati anaichagua. Kisha kazi nikaiacha, Jumatano zikawa zangu. Wadogo zangu watatu wote nimewafikisha kwenye lile geti, nikiwa nimewavalisha, nimewasuka, nimewapigia pasi kwa mkaa. Nilikuwa nawaacha hapohapo getini, nageuka. Nimewaongoza watu wa nchi ambazo siwezi kuzitamka kwenye mitaro na mawe na vyumba vya watu, na kila mahali nilitangulia mbele. Darasa la saba lilikuwa limepakana na letu la sita. Nilikuwa nawasikia kupitia ukuta wakifundishwa.

Nimekwishafika getini mara kadhaa. Mlinzi ananifahamu.

"Shikamoo, Da Mkubwa. Leo unaingia?"

"Marahaba. Leo napita tu."

"Mwalimu ameniambia ukija nisikuandikishe, nikuache upite moja kwa moja."

"Msalimie."

Somoe alikuja kuniona Ijumaa jioni, kavaa sare, kaleta maembe kutoka kwa shangazi yake. Akaniambia Mwalimu Kemilembe anastaafu shule zitakapofungwa. Kisha akasema kile kiti bado kipo, nyuma karibu na dirisha, na watoto wa darasa hilo hawakikalii. Wanakiitaga kiti cha mgeni.

"Nije nikusindikize, Da Mkubwa?" akaniuliza. "Mie napajua."

Nikamwambia nitafikiria. Akasema fikiria, ila Mwalimu anasubiri, kisha akaniaga akaondoka.

Leo ni Jumatatu. Ziara moja bado nadaiwa.